Zamu ya Saba Haisemwi

Mlima Sorrel, Arizona
8 Juni 1958

Mama Marit,

Nimefika salama, nimepewa kitanda, na godoro lake ni gumu kama mkate wa mama yangu. Usimwambie. Kazi ni ile ile niliyoahidiwa: kutunza jenereta, kupandisha maji kwa lori, na kuhakikisha hakuna taa inayowaka ovyo giza likiingia. Hawa watu wa darubini wanaogopa taa kuliko nyoka.

Najua unajiuliza nani atakusomea gazeti Jumapili mkitoka kanisani. Nitakusomea mimi, kwa barua, na kwa utaratibu wetu ule ule: sayansi kwanza, siasa katikati, besiboli mwisho, ili mtu asilale na siasa kichwani.

Sayansi: Nimeiona Zohali, Verna, ile sayari yenye pete. Nilikuwa napita na galoni la mafuta, nikasikia, "Bwana Tvedt, weka hilo chini uje uone kabla mawingu hayajatuwahi!" Ni Bi Constance Pruitt, anayepima picha za nyota. Pete zile zimekaa sawasawa kama mtu alizitengeneza kwa mkono.

Siasa: Mpishi ni wa chama hiki, fundi wa vioo ni wa chama kile. Hawapeani chumvi. Mimi nakaa katikati, napitisha chumvi.

Besiboli: Redio inakoroma tu. Niambie Skogdal wanachezaje.

Theluji ya kwanza ikianguka huko nitakuwa nyumbani. Kiwanda cha siagi kikifunguliwa tena nikarudishwa kazini, vizuri. Kisipofunguliwa, nitapata cha kufanya. Mbusu Marit kwenye kisogo, pale penye harufu ya maziwa.

Orrin


Skogdal, Iowa
15 Juni 1958

Baba Marit,

Barua yako nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari, pale unapoegemeza gazeti, nikaisoma huku nakunywa kahawa, nikajifanya uko. Sisi wazima, ila jino. Marit ameota la juu na anang'ata kila mtu, mchungaji akiwemo.

Nami nakupa zangu. Usinicheke, mimi niliishia darasa la nane.

Sayansi: Kuku mwekundu ametaga yai lisilo na ganda, laini kama shavu la mtoto. Hakuna aliyeniita kuliona. Nimeliona peke yangu.

Siasa: Baraza la mji linapigania taa. Meya Lunde anataka taa za uwanja wa besiboli ili tucheze mpaka usiku. Mama yako na wenzake wanataka tanuri jipya la kupasha shule joto. Bwana Halvor alitoka mkutanoni kwa hasira akasahau kofia. Sasa anaona aibu kuirudia, anatembea kichwa wazi juani na kipara kimekuwa chekundu.

Besiboli: Tumeshinda. Leland Aasen, wa lori la maziwa, anarusha mpira siku hizi kama ana ugomvi nao.

Halafu, huyo Bi Pruitt ana umri gani? Nauliza kwa ajili ya sayansi.

Verna wako


Mlima Sorrel
29 Juni 1958

Mama Marit,

Bi Pruitt yuko kama kwenye thelathini, pengine hajafika. Sikumwuliza. Nimekisia kwa ajili ya sayansi.

Sayansi: Hapa kuna kibanda cha hali ya hewa, kina kipima mvua, kipima joto, na kile cha kupima uzito wa hewa. Zamani Bi Pruitt alikuwa akivisoma peke yake kila jioni. Sasa ananiachia nisome mimi, yeye anaandika. Anasema nina jicho la kupima. Amenikopesha kitabu cha mawingu. Kumbe yale tunayoyaita "mawingu ya manyoya" yana jina refu kuliko la mjomba Torvald.

Siasa: Mpishi na fundi sasa wamegawana meza kwa chaki. Jumanne mpishi aliumwa, Bi Pruitt akaingia jikoni akaoka pai ya limau, ikaliwa pande zote mbili za chaki. Sijaona amani kama ile.

Besiboli: Hutaamini, lakini Bi Pruitt anaujua mchezo. Baba yake alikuwa mdakaji. Anajaza kadi ya mchezo, kila mpira alama yake, bila kufuta hata mara moja.

Nimewakumbuka mpaka kifua kinauma.

Orrin


Skogdal
13 Julai 1958

Baba Marit,

Nimefurahi kusikia kuhusu pai. Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka nimeoka mbili za kwangu na sikula hata kipande.

Sayansi: Nilimbeba Marit mpaka juu ya banda la kuku jioni, tuione ile setilaiti ya Warusi ikipita. Ikaja, inang'aa, inakwenda polepole. Nikampungia, nikamwambia mtoto, "Mpungie na wewe, baba anaiangalia sasa hivi." Wifi yangu Ardis akapiga kelele toka chini, "Verna! Hiyo ni ndege ya barua ya Dubuque!" Basi, mwambie Bi Pruitt hilo, apate la kucheka.

Siasa: Taa bado. Halvor bado hana kofia.

Besiboli: Sasa sikiliza, maana hili mji mzima unalisema. Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya Harmon. Leland anarusha, watu wa Harmon wanapiga hewa tu. Zamu ya tano kati ya tisa, hawajagusa mpira. Ya sita, hawajagusa. Unajua uwanja unavyokuwa. Wachezaji wetu wakamwacha Leland peke yake mwisho wa benchi kama mwenye surua. Hakuna anayemtazama. Mimi mguu ulikufa ganzi, sikuusogeza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekaa tangu mwanzo. Marit amelowa, sikumbadilisha. Bwana Lunde alitaka kwenda chooni, mkewe akamshika mkanda.

Zamu ya saba. Kimya. Halafu Mama Gunderson, mke wa mchungaji mpya, anayetoka mjini, akasimama na sahani ya biskuti akasema kwa sauti ya kanisani: "Jamani, ni mimi tu, au hawa wenzetu hawajapiga hata mmoja?"

Orrin, hata mbwa walinyamaza. Leland akageuza kichwa. Mpira uliofuata, pa! ulivuka uzio ukaangukia kwenye mahindi ya Halvor.

Tulishinda, lakini nani anajali? Mama Gunderson anauliza, "Nimefanya nini? Nilikuwa namsifu!" Ardis akamjibu, "Kitu kikienda vizuri hakisemwi, mama, kinapata mkosi. Unakaa kimya mpaka wa mwisho atoke." Mpaka leo biskuti zake haziguswi, maskini. Mimi nilichukua moja kwa huruma. Ilikuwa kavu.

Sasa la kwangu. Katika barua yako ya mwisho nimehesabu jina la huyo mwanamke mara nyingi kuliko la binti yako. Anapima, anaoka, anajaza kadi bila kufuta. Mimi nafuta, Orrin. Hata barua hii nimeifuta, angalia hapo juu. Nakuomba, usinitajie tena.

Verna


Mlima Sorrel
27 Julai 1958

Verna,

Umeniomba, nimesikia.

Sayansi: Mvua ilinyesha, nimeipima.

Siasa: Chaki imefutika, wamechora nyingine.

Besiboli: Maskini Leland. Mwambie mpira ule hata mimi ningeupiga, baada ya maneno yale.

Hivi lori la Leland bado linakwenda mpaka La Crosse kila asubuhi? Nauliza tu.

Jioni nina shughuli siku hizi, barua zitakuwa fupi. Msinichoke.

Orrin


Skogdal
10 Agosti 1958

Baba Marit,

Ndiyo, linakwenda. Ulitaka nini La Crosse? Unauliza tu, mimi nami najiuliza tu.

Sayansi: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiyo ndiyo sayansi niliyojifunza wiki hii. Mwanzo ulikuwa unamtaja huyo Bi kila mstari, nikaumia. Sasa humtaji kabisa, na naumia zaidi. Mtu akitaja jina, jina liko nje, mnaliona wote. Akiacha kulitaja, limeingia ndani. Najua nilikuomba mwenyewe. Hukutakiwa kuwa mwepesi hivyo wa kutii! Miaka yote nakuomba usiweke viatu juu ya kiti, umewahi kunitii?

Na hizo shughuli za jioni ni zipi? Jenereta inalala saa ngapi?

Siasa: Sina.

Besiboli: Sina. Mvua.

Marit amesimama peke yake akishika kiti chako. Alitazama mlangoni. Sikusemi vibaya, nakueleza alikotazama.

Verna


Skogdal
17 Agosti 1958

Orrin,

Sikusubiri jibu. Hii haina sayansi wala siasa.

Leo baada ya ibada tulikuwa chumba cha chini cha kanisa, kahawa kama kawaida. Nimesimama na kikombe, Marit kiunoni, Ardis akaniambia mbele ya kila mtu, "Haya wifi, kaka yangu huyu ana mipango gani? Amemwandikia mama ampelekee cheti cha kuzaliwa, haraka, na cha shule pia. Wewe hukuambiwa?"

Nikasema nimeambiwa. Uongo, ndani ya kanisa, na mtoto mkononi.

Dagny Lunde, mke wa meya, akakoroga kahawa yake, akasema taratibu, "Mimi nilivyoolewa, mume wangu naye alitakiwa cheti cha kuzaliwa." Wenzake wakatazama chini. Ardis akamwambia, "Dagny, koroga kahawa, usikoroge watu," lakini lilikuwa limeshatoka.

Nilitembea mpaka nyumbani. Nimetoa shati lako la kanisani kabatini nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Mtu mwenye mke tayari anataka cheti cha kuzaliwa cha nini? Mwanamke anayejua kuhesabu nyota hashindwi kumhesabu mwanamume mmoja anayeendesha lori la maji. Namwona akikaa karibu yako kwenye hicho kibanda, mkono wake msafi, hauna harufu ya nepi, anakuonyesha wingu. Mimi nikikuonyesha wingu ni kwa sababu nina nguo kambani.

Kama umechoka nasi niambie kwa maneno. Nakuomba uniambie wewe, si Ardis wala Dagny. Lakini Orrin, kama hujachoka, rudi. Sitauliza kitu. Nitauliza, lakini si siku ya kwanza.

V.


Mlima Sorrel
24 Agosti 1958

Verna wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye lori, maji yakafurika tangi mpaka viatuni. Sijachoka nanyi. Naanza na hilo, na nitalimalizia hilo.

Sayansi: Cheti changu hakina harusi yoyote nyuma yake. Mwanamke hahusiki, ila kwa njia moja ambayo ukiijua utamwandikia mwenyewe kumshukuru. Naona unavyonuna. Nuna, lakini endelea kusoma.

Siasa: Natamani kukueleza. Kila Jumapili nakaa, nachukua kalamu, ninafika kwenye neno, ninaliacha.

Besiboli: Jana niliteremka mjini kuwatazama wachimba shaba wakicheza. Mrushaji wao ni mtu mnene, mpole. Zamu ya saba ilipofika hakuna aliyekuwa amemgusa. Unajua kilichofuata. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi na wenzake wote wakasogea. Mmoja alitaka kumpa maji, akaweka kikombe chini mbali akaondoka bila kumtazama. Watu wasiojua wangedhani wanamchukia. Nilimwangalia yule mtu, Verna, anakunywa maji peke yake, nikasema moyoni, ndugu yangu, najua ulivyo.

Kumbuka Mama Gunderson na sahani yake.

Zaidi siandiki. Sijachoka nanyi.

Orrin


Skogdal
31 Agosti 1958

Baba Marit,

Nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nikaisoma tena nikiwa namenya viazi. Kisu kikasimama chenyewe.

Sisemi nimeelewa nini. Sisemi hata kama nimeelewa. Ila ngoja nikupe habari za wiki.

Sayansi: Nilikwenda dukani kwa Lunde kununua chumvi, Leland yuko pale, katoka La Crosse na lori. Akaniona akaja mbio, uso wote meno, kwa sauti yake ile ya uwanjani: "Verna! Nilikuwa uwanja wa ndege asubuhi napeleka maziwa, pale kwenye kituo cha hali ya hewa wananiuliza kama namjua mtu wa Skogdal anayeitwa—"

Nikamkanyaga mguu, Orrin. Kwa kisigino. Kwa nguvu zangu zote.

"Wewe!" anasema. "Una wazimu?"

Nikamwambia, "Leland Aasen, wewe ni mrushaji au si mrushaji?"

Akanitazama. Akaona uso wangu. Nikaona inamwingia taratibu, kama maji kwenye mchanga. Akafunga mdomo. Akavua kofia yake kabisa, kana kwamba jeneza linapita. Akaenda kusimama mwisho wa kaunta, karibu na misumari, hakunitazama tena. Nilipotoka alinifungulia mlango huku anaangalia ukuta.

Dagny akauliza, "Kwani kuna nini?" Tukamjibu kwa pamoja: "Hakuna!"

Siasa: Taa zimepita kwa kura moja. Ya Halvor! Alirudi mkutanoni kupiga kura, akaikuta kofia yake kwenye msumari, akaivaa kama hakuna kilichotokea. Watasimamisha nguzo mwezi ujao. Tanuri nalo litanunuliwa, mama yako ameshinda hilo, kwa hiyo kila mtu anatembea kifua mbele.

Besiboli: Niko pale pale nilipokaa. Kiti chako sijakihamisha. Shati nimelirudisha kabatini upande ule ule, na gauni nililokuwa nimevaa siku nilipoanza kuelewa (sisemi nimeelewa) nimelivaa tena leo. Ardis ananiuliza mbona nguo moja. Nikamwambia napenda rangi yake.

Sasa huyo Bi Pruitt. Nimefikiri sana. Nimepanda juu ya banda la kuku nikafikiri. Mtu anaweza kumfundisha mwenzake kitu jioni kwa jioni kwa nia njema, najua. Kama ndivyo, Mungu ambariki, na sisemi kama ndivyo. Ila afundishe akiwa amekaa ng'ambo ya meza. Na pai ya limau asipike tena, tayari umeshaonja, inatosha. Moyo wangu umetulia, Orrin, lakini haujalala. Una jicho moja wazi kama kuku.

Marit ametembea. Toka kiti chako mpaka mlangoni, akarudi kwa magoti. Hilo nalisema kwa sababu limeshatokea.

Linalofuata silisemi.

Mkeo Verna


Mlima Sorrel
21 Septemba 1958

Mama Marit,

Sayansi: Mwezi ujao, mvua ikinyesha La Crosse, nitakuwa naipima mimi, pale kituoni uwanja wa ndege. Bi Pruitt anakusalimu. Alikaa ng'ambo ya meza.

Siasa: Mpishi na fundi wamelia wote wawili waliposikia naondoka.

Besiboli: Sasa unaweza kusema.

Orrin